Kana, Faini

Kuna harufu moja inayonisimamisha popote ninapoikuta, na nimeikuta mahali pengi, maana sijawahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuota mizizi. Ni harufu ya majani ya katani yaliyolowekwa majini yakaanza kuoza. Asiyeizoea hufunga pua na kuuliza ni mnyama gani amekufa. Mimi husimama nikavuta pumzi. Mwezi uliopita ilinipata karibu na Kibwezi, nimeshuka kwenye lori la vitunguu lililonipa lifti, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeketi kando ya barabara juu ya mfuko wangu, mwanamke mzima mwenye mvi, nikiwa na hasira ya mtoto wa miaka saba.

Hasira hiyo nataka kuieleza, kwa sababu wenzangu wa rika langu wana wimbo wao. Wakisoma gazetini kwamba mkubwa fulani amekula fedha za umma na yuko nyumbani kwake anakunywa chai, hutikisa kichwa wakasema enzi zetu haikuwa hivyo, enzi zetu mtu akiiba alifungwa. Ni kweli alifungwa. Nilikuwepo, na nilimwona aliyefungwa. Hakuwa na meno yote.

Tulikaa Mbooni, upande ule ambao njia zimesimama wima hata mbuzi hupumzika katikati. Baba aliangukiwa na mawe machimboni kabla mdogo wangu Musyoka hajazaliwa, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: Mama, mimi, na Susu. Susu ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba. Mimi nilipewa jina lake, na kwa desturi yetu aliniita Mwaitu, yaani mama, hata aliponichapa.

Mama alisuka viondo. Kila mwanamke wa kwetu alisuka, akiwa ameketi au akitembea, kuni mgongoni na kiondo kikikua mikononi bila kutazamwa. Lakini uzi wa Mama ulijulikana. Alikwangua majani ya katani kwa panga, akayaloweka kijitoni hadi yanuke, akayafua, akaanika nyuzi juu ya ua zikiwa nyeupe. Kisha alipandisha nguo juu ya goti, akajipaka jivu pajani, akasokota uzi kwa kiganja, mbele na nyuma, akiimba kwa pua. Paja lake la kulia lilikuwa laini na liling'aa kama kibuyu cha miaka mingi. Nilipenda kulala nikiliwekea shavu. Magome ya rangi yalichemkia kwenye debe nje ya jiko, na kukoroga lile debe ilikuwa kazi yangu, nami niliamini kwamba bila mimi nyekundu isingetoka.

Wanawake wa pale walikuwa na kikundi. Walikutana kwenye veranda ya kanisa, kila mmoja na kiondo chake, wakisimuliana habari za wanaume kwa sauti ambayo wanaume wenyewe wangeisikia wakiwa ng'ambo ya bonde. Viondo vyao vilinunuliwa na watu wa nchi za nje. Tuliambiwa kwamba huko wanawake huvitundika begani wakaenda navyo ofisini, na jambo hilo liliwafanya wanawake wetu washike mbavu, maana kiondo ni cha viazi, na kamba yake huvaliwa kwenye paji la uso. Ofisini na viazi, walisema. Lakini fedha zilikuwa za kweli, na walikubaliana zikae pamoja hadi zitoshe mabati ya kila nyumba na tangi la kukinga maji ya mvua. Mtu aliyepanda kutoka mtoni Mbooni na mtungi mgongoni hahitaji kuelezwa tangi ni nini.

Aliyeshughulika na wanunuzi ni mwanamume tuliyemwita Katibu. Hata mkewe alimwita Katibu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye duka, mwenye pikapu ya rangi ya maziwa, na ndiye peke yake aliyeweza kusoma barua za Kiingereza bila kusogeza midomo. Mama alichaguliwa kuwa mweka hazina, kwa kuwa wote walijua hawezi kudanganya hata kuhusu umri wa kuku anayemuuza. Kusoma hakujua. Hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu benki ilikubali dole gumba.

Kwa hiyo kila mara Katibu alikuja kwetu na kikopo bapa chenye kitambaa kilicholowa wino wa zambarau. Alifuta meza kwa leso yake kabla ya kuweka karatasi, na harufu ya wino ilikuwa tamu, kama dawa ya kikohozi. Alimshika Mama dole, akaligusisha winoni, akaliongoza. Hapa. Na hapa. Nakumbuka siku moja Mama aliuliza, kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa mara ya pili.

"Inasema nini, Katibu?"

"Inasema wewe ni mwaminifu."

Susu alicheka. Mama naye alicheka, akafunika mdomo kwa mkono ule mwingine usio na wino. Siku hiyo nilimwomba anipe dole lake kabla halijakauka, nikaligandamiza kwenye paji la uso la Musyoka, aliyekuwa wa kubebwa tu, na doa la zambarau likabaki pale hadi tulipomwosha. Tukasema sasa na yeye ni mwaminifu.

Mabati hayakuja. Mvua nayo ikakataa, tukala mahindi ya manjano ya msaada, na wanawake wakataka chao. Wakamtuma mmoja wao aende benki na mwanawe aliyesoma sekondari. Walirudi wakasema jina la kikundi liko, ila ndani hamna kitu, na kila karatasi iliyotoa fedha ina sahihi ya Katibu na dole la Mbithe. Mbithe ndilo jina la Mama. Siku iliyofuata, jirani ambaye tuliazimana naye moto tangu nijue kutambaa alisimama uani kwetu, hakukaribia.

"Mbithe," alisema, "kumbe dole lako lina meno."

Watoto wenzangu mtoni waliniambia mama yangu amekula viondo. Niliwaamini kwa namna yangu. Kwa siku kadhaa nilimchunguza Mama akitafuna, nikijiuliza alifanyaje, maana katani hata ng'ombe huitema. Nilichoona ni kwamba alikuwa hali chochote, si kiondo wala muthokoi, ile pure yetu ya mahindi yaliyotwangwa. Sahani yake alinisukumia mimi. Nikahitimisha kwamba ameshiba viondo.

Polisi walikuja na gari wakawachukua wote wawili. Katibu alikaa mbele na dereva, kwa kuwa walifahamiana. Mama alikaa nyuma pamoja na gurudumu la akiba, Musyoka akiwa mgongoni. Waliachiliwa wakangoje kesi, na kesi ikaenda ikirudi kwa miezi, na kila ilipoitwa Mama aliteremka mlima kwa miguu na Katibu akampita njiani na pikapu. Mara moja alisimama akampa lifti. Hilo Mama alilisimulia kwa shukrani. Mpaka leo sijui nilie au niteme mate.

Siku ya hukumu tulikwenda sote. Sitautaja mji wenyewe. Mahakama zilifanana na bado zinafanana, nami nimekalia benchi za nyuma za nyingi. Ndani mlinuka mafuta ya taa yaliyosuguliwa sakafuni na jasho la watu wenye hofu. Hakimu alikuwa mwembamba, akisema Kiingereza kwa sauti ya chini. Chini yake alisimama mkalimani, kijana wa kwetu mwenye tai fupi, aliyechukua Kiingereza upande mmoja na kukitoa kwa Kikamba upande wa pili, bila kubadilisha uso, habari iwe ya kuku aliyepotea au ya mtu aliyekufa.

Katibu alikuwa na wakili, na wakili alisema kwa muda mrefu. Mkalimani alitueleza kwa kifupi kwamba mshtakiwa ni mzee wa kanisa, ana watoto shuleni, na anajuta kwa makosa ya hesabu. Sikuwahi kusahau maneno hayo, makosa ya hesabu. Mimi nilikuwa nachapwa shuleni kwa makosa ya hesabu.

Mama hakuwa na wakili. Aliulizwa kama dole lile ni lake, akasema ni lake. Aliulizwa kama alilazimishwa, akasema hapana, aliombwa.

"Ulisomewa karatasi kabla ya kuweka dole?"

"Niliambiwa inasema mimi ni mwaminifu."

Mahakama nzima ilicheka. Hakimu alisubiri kutafsiriwa, kisha na yeye akatabasamu, akaandika. Mama aligeuka kuangalia nyuma, akidhani kuna kitu cha kuchekesha kimeingia mlangoni.

Hakimu alisema kwamba wote wawili waliweka alama zao, kwa hiyo wote wawili wamekosa sawa, na sheria haibagui mwenye gari na mwenye miguu. Ilikuwa sauti ya mtu anayejisikia vizuri kwa haki anayoitoa. Akasema adhabu yao, mmoja baada ya mwingine, ileile, na mkalimani akaitoa kwa Kikamba mara mbili, maneno yaleyale.

"Myaka ili yela, kana vaini."

Miaka miwili jela, au faini. Ndivyo alivyosema. Lakini katika lugha yetu neno kana lina kazi mbili. Kana ni au. Na kana ni mtoto mchanga, yule wa kubebwa. Mtu mzima hachanganyi. Mimi nilikuwa na miaka saba, sijawahi kusikia faini ikitajwa isipokuwa kwamba ni kitu ambacho serikali huchukua, na mbele yangu alisimama mama yangu amembeba mdogo wangu mgongoni. Nikasikia hivi: miaka miwili jela, mtoto, faini.

Wangemchukua Musyoka.

Ningeweza kudhani nimekosea, kama si kwa sababu ya Katibu. Yeye alisikia adhabu yake akiwa mtulivu, akaingia na wakili wake kwenye korido ya pembeni, na baada ya muda mfupi akatokea tena akiweka kofia kichwani, huru. Nilitoka nje kumtazama, maana kujua mambo kumekuwa ugonjwa wangu tangu zamani. Katibu alikuwa na mtoto mdogo, kitinda mimba, mwenye kofia nyekundu ya sufu, na kila nilipoiona ile pikapu mtoto huyo alikuwa amepakatwa na mama yake. Siku hiyo mke wa Katibu alikuwa amepakata mkoba. Mtoto hakuwepo. Bila shaka alikuwa amebaki nyumbani na yaya, kama watoto wa watu wenye yaya wanavyobaki. Mimi niliona jambo moja tu: ameingia na kana, ametoka bila kana, na yuko huru. Kwa hiyo ndivyo inavyolipwa.

Susu alikwenda kwenye dirisha la pikapu, akaegemeza viganja vyote viwili juu ya mlango, na kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mtu wa umri wa wanawe, akamwomba amlipie Mbithe naye. Alimkumbusha kwamba kila dole aliloliweka Mbithe aliliweka kwa kuambiwa na yeye.

"Susu," Katibu akamjibu, akimwita nyanya kwa heshima zote, "kila mtu na msalaba wake. Nitamwombea."

Akapandisha kioo taratibu, ili asimbane vidole.

Ofisi ya kupokea faini ilikuwa bado wazi, na Mama akaketishwa kwenye benchi la veranda na askari wa kike, angoje. Susu alizunguka kwa watu wa kutoka milima yetu waliokuja mjini siku hiyo, mmoja mmoja. Wapo waliotoa kidogo walichokuwa nacho. Wapo waliogeuza nyuso, kwa sababu mabati yaliyopotea yalikuwa yao pia. Mama alinipa Musyoka nimshike ili anyooshe mgongo. Nikamfunga mgongoni kwa leso, nikatembea polepole hadi kwenye kona ya jengo, na nilipoikata kona nikakimbia.

Nyuma ya soko kulikuwa na ghala la pamba. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Nikapanda juu ya magunia, nikachimba shimo katikati yake, tukaingia. Pamba ilinuka vumbi na mafuta ya mbegu, na ilikuwa na joto kama mwili. Musyoka aliifurahia mwanzoni, akavuta nyuzi zake kutoka kwenye tundu la gunia. Nilimweleza yote. Nilimwambia asijali, tutakaa humu hadi hakimu asahau, kisha tutarudi kwa Susu, na Mama akimaliza miaka yake atatukuta. Miaka miwili niliiona kama kitu cha kuvumilika, maana Mama alikuwa mkubwa. Ila kwamba mtu ambaye hajui kusimama achukuliwe na serikali kwa kosa la dole, hilo halikuniingia akilini. Kwa kweli mpaka leo halijaniingia.

Alipopata njaa nilimpa kidole changu. Alinyonya, akagundua, akanitazama kwa kunilaumu, akalia. Nilimziba kwa leso, kisha nikaogopa, nikaiondoa. Kilio cha mtoto ghalani husikika kama cha watoto wengi. Mlinzi akatukuta, mwanamume mzee, akatutoa kwa upole akituongoza kwa fimbo yake bila kutugusa nayo.

Tulipofika mahakamani Mama alikuwa amesimama, na mbele ya gauni lake, mahali pa maziwa, palikuwa pamelowa. Susu alikuwa amerudi na fundo dogo la leso lisilotosha. Mkalimani alikuwepo, na askari, na watu wengi. Askari wa kike aliniuliza kwa Kiswahili nilikuwa nampeleka wapi mtoto wa watu. Nikajibu kwa Kikamba, nikilia, kwamba sitaki achukuliwe, kwamba nimesikia kwa masikio yangu: myaka ili yela, kana vaini.

Kisha mkalimani akaelewa. Alicheka hadi akashika nguzo ya veranda. Aliwatafsiria askari kwa Kiswahili, nao wakacheka, na wale watu wa milimani waliotunyima hata senti wakacheka kwa roho safi, kama watu waliopata kitu cha kurudi nacho nyumbani. Mkalimani hakuweza kujizuia, akaingia ndani kumsimulia hakimu, na nilisikia kicheko chembamba kikitoka dirishani. Nadhani ni mzaha ulioliwa kwa chakula cha jioni katika nyumba kadhaa za wakubwa.

Mama hakucheka. Alinyoosha mikono akamchukua Musyoka, akamweka titini, na askari wa kike akamtazama akinyonya.

"Kumbe huyu bado ananyonya," askari akasema. "Basi ataenda na mamake. Ndiyo sheria."

Susu alimsihi Mama amwache. Alisema jela kuna baridi, kuna kikohozi, si mahali pa mtu wa miezi. Mama akamuuliza atamlisha nini, mbuzi wote wamekauka. Susu mwenyewe aliijua idadi ya mbuzi. Ofisi ya faini ikafungwa. Nilisikia bawaba zake. Mama akaambiwa apande lori la magereza. Mama aliinama kwangu, Musyoka akiwa bado ameng'ang'ania, akanifuta uso kwa kiganja chake kilichokakamaa kwa katani.

"Hukusikia vibaya, mwanangu," akaniambia. "Wao ndio hawakusikia walichosema."

Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nimelisikia hilo kwa wazee na kwa wanasiasa, na kila mara nataka kuuliza mpini uko upande gani. Sipingi kwamba Mama aliweka dole. Sipingi hata kwamba hakimu alitoa adhabu moja kwa watu wawili. Hilo ndilo linaloniwasha. Angempa Mama mara tatu zaidi, tungesema hakimu huyu ni mbaya, tungemlaani, yangeisha. Lakini alipima sawasawa, kwa kipimo kimoja, akaenda nyumbani akalala usingizi. Na ndani ya kipimo hicho kimoja kulikuwa na kaneno kadogo, kana, au, ambako kwa Katibu kalikuwa mlango na kwa Mama kalikuwa picha ya mlango iliyochorwa ukutani. Katibu alitoka kupitia mlango huo kwa fedha za viondo. Tuseme wazi: wanawake wa Mbooni walisokota uzi mapajani mwao miaka mingi, na uzi huo ukamtoa jela aliyewaibia, na ilipofika zamu ya mmoja wao uzi ulikuwa umekwisha.

Na jela walimpa kazi gani? Kusuka viondo. Tuliambiwa na mwanamke aliyetoka kabla yake. Eti uzi wake ulisifiwa.

Sikurudi shuleni. Susu hakuweza maji na shamba peke yake, na mwalimu aliyeninyanyasa kwa makosa ya hesabu hakuja kuuliza niliko. Nadhani ndipo miguu yangu ilipoanza kuwasha, katika kupanda na kuteremka kule. Baadaye nimeosha vyombo Mtito Andei, nimechunga mbuzi wa watu Nuu, nimeuza mahindi ya kuchoma Nunguni, na kila mji niliopita, kama kuna mahakama, nimeingia nikakaa nyuma, nikasikiliza. Wengine huingia kanisani. Mimi huketi nikisubiri kaneno kale, na kanapotamkwa huwatazama waliosimama kizimbani, nani anatazama mlango na nani anatazama sakafu.

Mama alirudi kabla ya miaka miwili kutimia, kwa kuwa hakuwa na makosa huko ndani. Alipanda mlima akiwa mwembamba, na kando yake, ameshika kidole chake, alitembea mtu nisiyemjua. Musyoka alikuwa amejifunza kutembea jela. Alikuwa amejifunza kusema jela pia; aliwaogopa mbuzi wetu, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona mbuzi, na jioni aliuliza kwa nini mlango wetu unafungwa kutoka ndani. Susu alitoka nje ili asilie mbele yake.

Lakini kulikuwa na kitu kingine, na hicho kilichukua siku kadhaa kabla hatujakielewa. Kila aliposikia viatu vigumu, vya mwalimu au vya chifu akipita njiani, Musyoka aliacha alichokuwa akifanya, akachuchumaa, akaweka mikono kichwani, akatulia tuli. Mama hakumkanya. Alisema ndivyo wanavyokaa asubuhi na jioni wakihesabiwa kwa kuguswa kichwa, mmoja mmoja, na watoto waliwaiga mama zao.

Jumapili ya kwanza Mama alisema tutaenda kanisani. Susu alimwambia angoje. Mama akasema hajaiba kitu, hana cha kungojea. Tulifika ibada ikimalizika, na wanawake wengine walimsalimia, na wengine walitazama viatu vyao. Katibu alikuwa amesimama mlangoni akiaga watu, mzee wa kanisa bado, suti ya kijivu, viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Alipotuona hakukimbia, namsifu kwa hilo. Alishuka ngazi za saruji kutujia, na visigino vyake vikalia, ko, ko, ko.

Musyoka aliachia kidole cha Mama, akachuchumaa vumbini, mikono kichwani.

Katibu alimtazama, kisha akatabasamu, tabasamu la kweli kabisa, la mtu aliyeguswa.

"Mbithe," alisema, "kijana huyu umemfunza adabu."

Mama alimjibu. Hakupandisha sauti, sisi tuliokuwa karibu ndio tuliomsikia, na mkewe.

"Hiyo si adabu, Katibu. Hiyo ni risiti yako."

Akapita. Susu akapita nyuma yake, na wanawake wawili watatu wakaacha waume zao wakawafuata. Katibu alibaki na mkono wake hewani, mkono wa kusalimia, hakujua auweke wapi. Mimi nilibaki kwa sababu ya Musyoka. Nilimwambia twende. Nilimvuta mkono. Hakusimama, alinitazama tu kutoka chini, jasho likimtoka puani, akisubiri kitu, na ilinichukua muda kujua anasubiri nini. Nikaweka kiganja changu juu ya kichwa chake.

"Mmoja," nikasema.

Ndipo akasimama.